Wakati Uliopo Sahili wa Kiingereza: Mwongozo Kamili kwa Anayefikiri kwa Kiswahili

Katika darasa la jioni ninalofundisha hapa Dodoma, kila mwanafunzi mpya huanza kwa kuandika ubaoni sentensi moja inayoeleza kazi anayoifanya yeye au mtu wa nyumbani kwake, na kosa linalojitokeza huwa karibu lile lile. Mama anayeuza zabibu kando ya barabara huandika "I am sell grapes." Dereva wa bodaboda huandika "I am carry passengers." Kijana aliyemaliza shule ya msingi akisoma karibu kila somo kwa Kiswahili, na ambaye sasa yuko kidato cha kwanza anakokuta fizikia na jiografia zinafundishwa kwa Kiingereza, huandika "My father is work in Bahi." Hawa watu hawakukaa pamoja wakaibiana majibu. Wanakosea kwa namna moja kwa sababu wanafikiri kwa lugha moja: kila mmoja amelichukua neno kama "ninauza", akalikata vipande, ni- ikawa "I", -na- ikawa "am", na -uza ikawa "sell".

Kosa hilo lina mantiki yake, na ndiyo maana halitoki kwa kukariri kanuni zilizobandikwa ukutani. Hutoka pale mwanafunzi anapotambua kwamba -na- ya Kiswahili inabeba kazi mbili ambazo Kiingereza kimezitenganisha, na kwamba mojawapo ya kazi hizo ndiyo wakati uliopo sahili, ule ambao vitabu vya Kiingereza huuita "present simple". Mwongozo huu unaanzia hapo, kisha unaingia katika kuunda sentensi.

Hatua ya kwanza: pima kwa hu-

Mtu akikuuliza, "Mama yuko wapi?" unaweza kumjibu, "Anauza zabibu." Akikuuliza, "Mama anafanya kazi gani?" unaweza kumjibu kwa maneno hayo hayo, "Anauza zabibu." Kiswahili hakioni tatizo. Kiingereza kinadai majibu mawili: kwa swali la kwanza ni "She is selling grapes", kwa kuwa jambo linatendeka sasa hivi, na kwa swali la pili ni "She sells grapes", kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake hata kama kwa wakati huu amelala.

Kipimo ninachowapa wanafunzi ni hiki: kabla ya kuandika Kiingereza, ondoa -na- katika sentensi yako ya Kiswahili na uweke hu-. Ikiwa "Mama huuza zabibu" bado inasema ulichokusudia, tumia wakati uliopo sahili. Ikiwa maana imeharibika, kwa mfano ulitaka kusema kwamba yuko barabarani dakika hii, basi huo si wakati unaoutafuta. Kwa kipimo hicho, tabia za kila siku, kazi za watu, desturi na kweli za kudumu zote zinaingia mahali pamoja: "Farmers in Dodoma grow grapes." "The Parliament of Tanzania meets in Dodoma." "It rarely rains here in July." Mfano unaopendwa na vitabu vya shule ni "Water boils at 100 degrees Celsius", nao ni mfano mzuri wa sarufi, ingawa mji wetu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na kwa hiyo maji ya sufuria zetu huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Mwanafunzi wa fizikia aongeze "at sea level" na atakuwa salama pande zote.

Kiambishi hu- kina faida nyingine ambayo walimu wengi hawaitumii. Tazama: mimi huenda, wewe huenda, sisi huenda, wao huenda. Kitenzi hakibadiliki kwa kufuata nafsi, na mtendaji husimama peke yake mbele. Hivyo ndivyo Kiingereza kinavyofanya: "I go, you go, we go, they go." Anayeijua hu- ameshaujua muundo wa Kiingereza kwa sehemu kubwa, isipokuwa nafsi moja tu iliyokaidi, ambayo tutaifikia punde. (Neno "huenda" lenye maana ya "labda" liache kando, halihusiki hapa.)

Kipimo hiki kina tundu moja. Vitenzi vinavyoeleza hali ya moyo, akili au umiliki havikubali hu- kwa urahisi, maana mtu hasemi "mimi hujua jina lake", husema "najua". Hata hivyo Kiingereza huviweka katika wakati uliopo sahili hata kama hali yenyewe ipo sasa hivi. Andika "I know", kamwe usiandike "I am knowing", andika "I want", "I need", "I believe", "I remember", "It belongs to me", "This costs too much." Kundi hili halina budi kujifunzwa kwa jina, na si kubwa: know, understand, believe, remember, forget, want, need, like, love, hate, have, own, belong, cost, seem, mean. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika katika barua ya kuomba kazi kwamba "I am having a diploma", na barua ile haikujibiwa. Sidai kwamba ni kwa sababu ya sentensi hiyo, lakini siku hizi nikiiona katika daftari la mtu, kalamu nyekundu hukimbia yenyewe.

Hapa pia inaingia -me-. Mswahili akielewa husema "nimeelewa", na kwa hiyo mwanafunzi huandika "I have understood" mahali ambapo Mwingereza husema tu "I understand". Vivyo hivyo "nimechoka" ni "I am tired", "ameolewa" ni "she is married", "amelala" ni "he is asleep". Kiswahili kinaitazama hali kama matokeo ya jambo lililokwisha kutendeka, ilhali Kiingereza kinaitazama kama hali ilivyo sasa. Ukiona -me- inayoeleza mtu alivyo wakati huu, simama kwanza kabla ya kuandika "have".

Hatua ya pili: tenga "to be" na vitenzi vingine

Maneno "am", "is" na "are" ni umbo la wakati uliopo sahili la kitenzi "kuwa". Yanafanya kazi ya "ni" na ya "-ko": "I am a driver", "She is in Singida", "We are ready." Yakishakuwamo katika sentensi ya wakati huu, hayahitaji kitenzi kingine cha umbo la msingi nyuma yake. "I am a driver" ni sahihi, na "I drive" ni sahihi pia, lakini "I am drive" si sahihi popote. Kwa hiyo katika hatua hii jiulize swali moja tu: je, sentensi yangu inasema mtu ni nani, yukoje au yuko wapi, au inasema anafanya nini? Jibu likiwa la kwanza, chagua kati ya am, is na are. Likiwa la pili, yaache yote matatu na utumie kitenzi chenyewe.

"Nina" na "ana" huleta mtego wa pembeni, kwa kuwa Kiswahili hueleza umiliki kwa "kuwa na". Usiandike "I am with two children" ukikusudia una watoto wawili, andika "I have two children", na kwa nafsi ya tatu umoja "She has two children."

Hatua ya tatu: herufi s

Hapa ndipo penye kazi, na hapa tutakaa kidogo.

Zamani Kiingereza kilikuwa na viambishi vya nafsi mwishoni mwa kitenzi, kama Kiswahili kilivyo navyo mwanzoni. Wanaosoma tafsiri za zamani za Maandiko kwa Kiingereza wameviona: "goeth", "knoweth", "thou knowest". Vingi vilipukutika, kikabaki kimoja katika nafsi ya tatu umoja, na leo ni s. Kwa hiyo mtendaji akiwa mmoja, na akiwa si mimi wala wewe, kitenzi hupata s: "he sells", "she sells", "it sells", "my mother sells", "the shop sells". Kwa watendaji wengine wote kitenzi hubaki kilivyo.

Kinachowachanganya wanafunzi ni kwamba s hiyo hiyo huonyesha wingi katika majina, kwa hiyo wanaona ni haki kuandika "The boys plays." Tazama jozi hizi: "The boy plays. The boys play." S ikiwa kwenye jina, haipo kwenye kitenzi; ikiwa kwenye kitenzi, haipo kwenye jina. Njia hii ya mkato haitafaa kwa "children", "people" na "women", ambayo ni wingi bila s, lakini itakuokoa mara nyingi.

Sasa jambo ambalo silioni likielezwa vya kutosha. Ngeli zetu hazilingani na umoja na wingi wa Kiingereza, nazo hutudanganya. Tunasema "maji yanachemka", "maziwa yanaharibika", "mafuta yanatoka Singida", kwa upatanisho wa wingi, lakini Kiingereza huyahesabu hayo kama umoja, nacho husema "Water boils", "Milk goes bad", "This oil comes from Singida." Tunasema "nywele zake zinapendeza", Kiingereza husema "Her hair looks nice." Kinyume chake, "police" katika Kiingereza ni wingi daima, kwa hiyo ni "The police stop many buses." Na "kila mtu" ni umoja katika lugha zote mbili: "Everyone knows him." Unapotafuta mtendaji, usiulize ngeli ya Kiswahili, uliza kama katika Kiingereza jina hilo laweza kubadilishwa na "it", "he", "she" au "they". Likikubali "they", hakuna s.

Tafuta pia kichwa cha kirai, yaani neno kuu katika kundi la maneno linalomtaja mtendaji. Katika "The price of grapes rises in some months", kinachopanda ni "price", si "grapes", ingawa "grapes" ndilo lililo jirani na kitenzi.

Tahajia yake ni fupi. Vitenzi vingi huongeza s tu: works, sells, plays. Vinavyoishia kwa s, sh, ch, x, z au o huongeza es: passes, washes, teaches, fixes, buzzes, goes, does. Vinavyoishia kwa konsonanti na y hugeuza y kuwa ies, kama carry na carries, study na studies. Lakini irabu ikitangulia y, haibadiliki: buy na buys, stay na stays. "Have" huwa "has". Vitenzi saidizi kama can, must, may na should havipati s kabisa: "She can speak Gogo", si "cans".

Katika matamshi, s husikika kama s baada ya sauti za p, t, k na f, kwa mfano works na eats; husikika kama z baada ya irabu na sauti nyingine nyingi, kwa mfano sells, goes, drives; na katika teaches, washes na passes huongezeka silabi nzima inayosikika kama "-iz". Jihadhari na maneno mawili: "does" hutamkwa kama "daz" na "says" kama "sez", ingawa tahajia inakushawishi useme vingine. Ulimi wetu hupenda kila silabi iishe kwa irabu, kwa hiyo usiruhusu "works" igeuke "weksi".

Hatua ya nne: kukanusha na kuuliza

Kiswahili hukanusha kwa kubadili kitenzi mbele na nyuma: "nauza" huwa "siuzi". Kiingereza hakigusi kitenzi. Huleta msaidizi: "I do not sell", au kwa ufupi "I don't sell". Kwa nafsi ya tatu umoja msaidizi huwa "does", na hapo s huhamia kwake, kitenzi kikabaki kitupu: "She does not sell." Sentensi kama "She doesn't sells" ina s mbili kwa mtu mmoja. Kadhalika ni "She doesn't have", si "doesn't has". Lakini am, is na are hazihitaji msaidizi, kwa kuwa hujikanusha zenyewe: "I am not late", "He isn't here."

Neno "never" linahitaji tahadhari ya peke yake. "Kamwe" yetu huenda na kitenzi kilichokanushwa, "siendi kamwe", ndiyo maana watu huandika "I don't never go." Katika Kiingereza sanifu "never" inatosha kukanusha: "I never go."

Kuuliza kunafuata njia hiyo hiyo. Kwa Kiswahili unapandisha sauti tu, "Unakaa Nkuhungu?", au unatanguliza "Je". Kiingereza hutanguliza do au does: "Do you live in Nkuhungu?" "Does she live there?" Neno la kuulizia, ambalo kwetu mara nyingi huja mwishoni kama katika "Unakaa wapi?", Kiingereza hulipeleka mbele kabisa: "Where do you live?" Lakini "who" ikiwa ndiyo mtendaji, do haiji: "Who lives here?"

Namna ya kujibu swali la kukanusha huzua kutoelewana hata kwa wanaokijua Kiingereza vizuri. Mgeni akikuuliza, "Don't you eat meat?" nawe huli nyama, Kiswahili kitakusukuma useme "Ndiyo", yaani ndiyo, ni kweli sili. Kiingereza hutaka "No, I don't." Huko "yes" na "no" hufuata kitenzi cha jibu lako, hazifuati maneno ya aliyeuliza. Ukijibu "Yes" peke yake, subiri kuletewa nyama.

Hatua ya tano: weka saa na mazoea mahali pake

Always, usually, often, sometimes, rarely na never hukaa kabla ya kitenzi cha kawaida na baada ya am, is na are: "He always arrives early", lakini "He is always early." "Every day" na "on Mondays" hukaa mwanzoni au mwishoni mwa sentensi.

Saa ni jambo la kuangalia mara mbili. Sisi huhesabu kuanzia macheo na machweo, Waingereza huhesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, hivyo tofauti ni saa sita. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri aandike "I wake up at five", la sivyo msomaji atadhani amelala mpaka jua limepanda. Ratiba za vyombo vya usafiri nazo hutumia wakati uliopo sahili hata kwa safari ya kesho: "The bus leaves at six tomorrow morning", yaani saa kumi na mbili asubuhi.

Hatua ya sita: mambo mawili ya mpakani

Kwanza, baada ya when, if, before, after na until, Kiingereza hutumia wakati uliopo sahili kwa jambo ambalo halijatokea. Kiswahili husema "atakapofika, nitamwambia", na -taka- humvuta mwanafunzi aandike "When he will arrive." Sahihi ni "When he arrives, I will tell him." Fikiria "akifika" badala ya "atakapofika", na mvuto huo utapungua, kwa kuwa -ki- haina wakati ujao ndani yake.

Pili, jambo lililoanza zamani na linaloendelea mpaka leo halimo katika wakati huu. "Ninaishi Dodoma tangu 2015" si "I live in Dodoma since 2015", bali "I have lived in Dodoma since 2015." Ukiona "tangu" yenye mwaka au siku, toka katika mwongozo huu na uende kwenye somo la "have".

Hatua ya saba: sahihisha kwa kalamu

Hii ni aya ya mwanafunzi mmoja, ninayoitumia kwa idhini yake. Isome, ifunike, kisha ujaribu kuisahihisha kabla hujaendelea.

"My aunt live in Kongwa. She have two cows. Every day she is wake up at eleven and go to the farm. Her children helps her. She doesn't likes noise. She is knowing many old stories. Milk cost little there. When the rain will come, she will plant millet."

Shangazi ni mmoja, kwa hiyo ni "lives" na "has". "Is wake up" ni ile -na- iliyotafsiriwa, nayo huwa "wakes up". "Go" baada ya "and" bado ni ya shangazi, kwa hiyo "goes". Na "eleven" ni saa kumi na moja ya kwetu, hivyo ni "five". "Children" ni wingi: "help". "Doesn't" imeshachukua s: "doesn't like". Kujua ni hali: "She knows". Maziwa ni umoja katika Kiingereza: "Milk costs". Mvua haihitaji "will" baada ya "when": "When the rain comes". Mwanafunzi huyo alipata makosa kumi katika sentensi nane. Baada ya wiki tatu za kuandika kila jioni sentensi nane kuhusu mtu mmoja tu wa nyumbani kwake, makosa yalibaki mawili, na yote mawili yalikuwa ya s.

Zoezi ndilo hilo. Chagua mtu mmoja, si wewe mwenyewe, kwa sababu "I" haitakuzoesha s. Andika anafanya nini tangu alfajiri mpaka usiku, sentensi nne za kukubali, mbili za kukanusha na maswali mawili ambayo ungependa kumuuliza mtu kumhusu. Kisha rudia kazi hiyo hiyo ukibadili "she" kuwa "they", na uhakikishe kwamba kila s iliyokuwa kwenye kitenzi imeondoka.